Joto Kali na Umaskini katika Ukanda wa Dhahabu: Nani Huumia Zaidi Shinyanga na Geita, na Kwa Nini?

Mwezi wa Oktoba, saa nane mchana, kijana wa miaka 22 anafikishwa katika zahanati ya kijiji mkoani Geita juu ya pikipiki, akiwa ameshikiliwa na mwenzake asianguke. Ametoka machimboni. Nguo zake zimelowa jasho lililochanganyika na vumbi la mawe, anatapika, anawajibu watu wasiokuwapo, na njiani amepata degedege mara moja. Kipimajoto cha kwapani kinasoma nyuzi 39.4 za Selsiasi. Kipimo cha haraka cha malaria kinatoa mistari miwili. Mhudumu anaandika "malaria kali", anamchoma artesunate, anamtundikia dripu, anamlaza katika chumba kilichoezekwa bati bila dari, kisha anaanza kutafuta gari la kumpeleka hospitali ya wilaya. Gari linapatikana baada ya saa moja na nusu.

Mfano huu umetungwa kwa ajili ya somo hili, ila hakuna kipande chake kitakachomshangaza tabibu aliyewahi kufanya kazi Nyarugusu, Rwamagasa, Mwakitolyo au machimbo mengine ya ukanda huo. Wala mhudumu huyo hakuwa mzembe, kwa kuwa mgonjwa mwenye homa, degedege na kipimo chenye mistari miwili hana budi kutibiwa malaria. Kilichokosekana ni swali moja: mgonjwa alikuwa wapi tangu asubuhi, na akifanya nini? Jibu lingekuwa kwamba alishuka katika duara saa kumi na mbili alfajiri, akapandishwa saa saba mchana, na kwamba hiyo ilikuwa siku yake ya nne tangu aondoke kwao Kwimba, alikokuwa akilima pamba, kufuata mfumuko wa dhahabu. Huenda vimelea vya malaria vimo katika damu yake. Lakini kinachomuua katika ile saa moja na nusu ni joto.

Somo hili linachunguza swali linalojadiliwa sasa katika nchi nyingi: je, joto kali huwaumiza maskini na jamii za wachache kuliko watu wengine? Kwa mhudumu wa afya wa Shinyanga au Geita swali hilo si la nadharia, kwa kuwa jibu lake ndilo linaloamua nani aulizwe nini anapofika mapokezini.

Mjadala ulikotoka

Mfano unaotajwa mara nyingi ni wa mji wa Chicago nchini Marekani, ambako mwezi Julai 1995 watu zaidi ya 700 walifariki katika siku chache za joto. Mwanasosholojia Eric Klinenberg, katika kitabu alichokichapisha mwaka 2002, alionyesha kwamba vifo vilirundikana katika mitaa ya watu weusi maskini, hasa miongoni mwa wazee walioishi peke yao na kufunga madirisha kwa kuogopa wahalifu. Utafiti wa mwaka 2020 uliohusu miji 108 ya nchi hiyohiyo ulikuta kwamba mitaa iliyowekewa alama nyekundu katika miaka ya 1930 na kunyimwa mikopo ya nyumba, kwa sababu ya rangi na asili ya wakazi wake, leo ina joto linalozidi la mitaa mingine kwa wastani wa karibu nyuzi 2.6. Miti haikupandwa huko, lami ilimwagwa.

Hata hivyo, kitabu cha Klinenberg kina jambo ambalo wanaokinukuu hulisahau. Mtaa wa jirani uliokaliwa na watu wenye asili ya Amerika ya Kilatini, nao ukiwa na wazee wengi maskini, ulipoteza watu wachache zaidi. Njia zake zilikuwa na maduka, watembea kwa miguu na majirani wanaojuana, hivyo mzee alikuwa na mahali pa kutoka kwenda. Kwa hiyo kipato peke yake hakielezi vifo. Lazima kutafuta ni kipi hasa ambacho umaskini humnyima mtu wakati wa joto.

Usukumani, mstari wa rangi ulioigawa Chicago haupo. Wasukuma ndio kabila kubwa kuliko yote nchini, na mwenye duara, mchimbaji na muuza maji wanaweza kuwa wa ukoo mmoja. Ndiyo maana wako wataalamu wanaosema hoja hiyo haina nafasi hapa. Sababu zao zina uzito na zinastahili kupimwa.

Hoja za wanaokataa

Husema kwanza kwamba Shinyanga na Geita si sehemu za joto la kutisha. Mji wa Shinyanga uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Hata katika miezi ya Septemba na Oktoba, kabla ya mvua za vuli, joto la mchana huzunguka nyuzi 30 na kitu, na usiku hupoa. Hilo ni kweli, lakini ni kweli ya kipimajoto cha kituo cha hali ya hewa, kinachokaa kivulini, ndani ya kisanduku cheupe chenye matundu, juu ya nyasi, upepo ukipita. Mwanamke anayeponda mawe kwa nyundo juani hakai ndani ya kisanduku hicho. Jijini Nairobi, watafiti walioweka vipimajoto katika makazi ya Kibera, Mathare na Mukuru walikuta joto linalozidi lile la kituo rasmi cha Dagoretti kwa nyuzi kadhaa, ingawa mji ni huohuo na siku ni ileile.

Tena joto linalomhusu daktari halitoki angani tu. Mwili uliopumzika huzalisha joto la karibu wati 100. Mwili unaochimba au kupandisha viroba vya mawe huzalisha mara nne ya hapo au zaidi. Joto hilo hutoka hasa kwa njia ya jasho linalokauka juu ya ngozi. Jasho linalotiririka na kudondoka bila kukauka halipozi kitu, bali humpunguzia mtu maji na chumvi bure. Ndani ya duara, hewa imesimama, kuta zinachuruzika maji, na pumzi za watu wenyewe zinaongeza unyevu. Hapo nyuzi 29 zinaweza kumwangusha mtu mwenye nguvu ambaye juu, penye upepo, angevumilia nyuzi 36. Kina cha shimo si hoja: migodi mikubwa ya chini ya ardhi kama Bulyanhulu huenda chini mno kuliko duara lolote, lakini hewa husukumwa humo kwa mitambo. Katika duara hewa huja kwa mpira wa plastiki na feni ndogo, ikiwa mafuta ya jenereta yamenunuliwa.

Hoja ya pili ni ya mazoea: watu wa huku wamezaliwa na jua hili, miili yao imelizoea. Hii ndiyo hoja yenye nguvu kuliko zote, na historia yake bora imo katika dhahabu. Katika migodi ya Witwatersrand, Afrika Kusini, vifo vya wafanyakazi Waafrika kutokana na kiharusi cha joto vilianza kuripotiwa mwaka 1924, uchimbaji ulipofika vilindi vyenye joto na unyevu. Katika miaka ya 1930 daktari Aldo Dreosti, aliyefanya kazi katika mgodi wa City Deep, alionyesha kwamba mtu akianzishwa kazi ya joto polepole, siku baada ya siku, mwili wake hubadilika: huanza kutoa jasho mapema, hutoa jasho jingi lenye chumvi kidogo, na moyo wake hupiga kwa utulivu zaidi. Migodi ikaanza kuwazoesha wageni kabla ya kuwapeleka kwenye kazi nzito. Sababu haikuwa huruma tu. Kila aliyekufa alikuwa nguvukazi iliyogharimiwa usafiri na chakula kutoka mbali.

Fundisho la Witwatersrand, basi, linaikata hoja ya mazoea pande zote mbili. Mazoea yapo. Lakini hayarithiwi kwa kabila wala kwa ngozi. Hupatikana kwa siku 7 hadi 14 za kazi ya kuongezwa kidogokidogo, na hupotea baada ya wiki chache za kukaa bila kazi ya joto. Tena mwili uliozoea huhitaji maji mengi zaidi, kwa kuwa hutoa jasho zaidi. Sasa utazame utaratibu wa machimbo. Dhahabu ikisikika mahali, watu hufika kutoka mikoa mbalimbali ndani ya juma moja, na siku ya kwanza ndiyo siku ya kazi nzito kuliko zote, maana anayechelewa hukuta nafasi zimekwisha. Yule kijana wa Kwimba amezaliwa na jua, ni kweli. Hakuzaliwa na duara.

Wapo pia wanaosema kwamba kinachoua ni umri na maradhi, na kwamba umaskini hauna mkono. Wanatoa mfano wa Ulaya mwaka 2003, ambako joto la kiangazi liliua watu zaidi ya 70,000 katika nchi tajiri, wengi wao wazee. Hoja hiyo huchanganya mambo mawili ambayo mhudumu hana budi kuyatenganisha. Kuna kiharusi cha joto cha mtu aliyetulia, kinachomjia polepole mzee, mtoto mchanga au mgonjwa wa moyo ndani ya chumba chenye joto. Na kuna kiharusi cha joto cha kazi, kinachomwangusha kijana mwenye afya ndani ya saa chache. Ulaya iliona zaidi kile cha kwanza. Ukanda wa dhahabu una vyote viwili, lakini cha pili huchagua watu wake kwa ajira.

Mwisho huulizwa: ziko wapi takwimu? Mwaka 2020 watafiti Luke Harrington na Friederike Otto walipitia hifadhidata kubwa ya kimataifa ya maafa na kukuta kwamba, tangu mwaka 1900, kusini mwa Sahara yalikuwa yameandikwa mawimbi mawili tu ya joto, yenye jumla ya vifo 71, wakati Ulaya ilikuwa imeandikiwa mawimbi 83 katika miaka 40, yenye vifo zaidi ya 140,000. Asomaye harakaharaka atasema Afrika imenusurika. Hao watafiti walisema kinyume chake: joto lipo, ila halihesabiwi. Kijana wa mfano wetu tayari ameandikwa malaria.

Kinachonunuliwa kwa fedha

Mwili unaopashwa joto una njia chache za kujiokoa: kuacha kazi, kukaa kivulini, kunywa maji, kulowanisha ngozi, na kulala usiku mahali panapopoa. Kila mojawapo ina bei, na hapo ndipo jibu la swali lilipo.

Bei kubwa kuliko zote ni ya kuacha kazi. Mchimbaji mdogo wa Geita kwa kawaida hapati mshahara; hulipwa kwa mgao wa mawe, baada ya mwenye leseni, mwenye duara na mwenye karasha kuchukua sehemu zao. Asiyefanya kazi hana kiroba. Akihisi kizunguzungu saa tano asubuhi, kupumzika kwake ni hasara inayoonekana kwa macho, na ndani ya kundi huitwa uvivu. Sheria ya Afya na Usalama Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 ipo, lakini imejengwa juu ya mwajiri na mwajiriwa, na duarani ni vigumu kusema mwajiri ni nani. Shirika la Kazi Duniani lilikadiria mwaka 2024 kwamba wafanyakazi bilioni 2.41 kila mwaka hukabiliwa na joto lililokithiri kazini, na kwamba Afrika ndiyo yenye sehemu kubwa zaidi: karibu asilimia 93 ya nguvukazi yake.

Maji nayo hununuliwa kwa dumu. Mradi wa kuleta maji ya Ziwa Victoria hadi Kahama na Shinyanga umebadilisha maisha ya miji hiyo, lakini machimbo huhama na bomba halihami. Anayenunua dumu hulinywa kwa hesabu. Madhara ya kunywa kwa hesabu huonekana taratibu katika figo. Huko El Salvador na Nikaragua, wakata miwa vijana wasio na kisukari wala shinikizo la damu wamekufa kwa maelfu kutokana na ugonjwa sugu wa figo, ulioelezwa katika maandishi ya kitabibu mwaka 2002. Kazi nzito kwenye joto na upungufu wa maji unaojirudia kila siku ndizo sababu zinazotiliwa mkazo na wachunguzi wengi. Mchimbaji wa Geita ana mzigo wa ziada, yaani zebaki, ambayo nayo hudhuru figo. Hewa ya nyuzi 30 hubeba mvuke wa zebaki karibu mara mbili ya hewa ya nyuzi 20, hivyo siku ya joto huongeza sumu hata kabla ya moto wa kuchomea kuwashwa. Juu ya hayo yote huja sindano ya diclofenac au vidonge vya ibuprofen vya kutuliza mgongo, dawa zinazopunguza damu ya kwenye figo wakati ambapo mwili umekaukiwa. Mgonjwa asomaye makala haya akumbuke hilo: baada ya siku ya jasho jingi, dawa za maumivu za kundi hilo ni za kuepukwa.

Kuhusu nyumba, inafaa kusema kweli kwa upole. Bati ni maendeleo. Hakuna anayemtamanisha mkulima kurudi kwenye nyasi zinazovuja na kuungua. Lakini bati bila dari hugeuza chumba kuwa tanuri kuanzia saa nne asubuhi, na wanaobaki ndani mchana ni wazee, wajawazito na watoto. Ushauri wa "fungueni madirisha" hutolewa kirahisi na wahudumu. Dirisha la nyumba ya udongo ni dogo, na usiku lina mbu na wezi. Yule mzee wa Chicago angeuelewa ugumu huo vizuri. Dari ya viroba vilivyoshonwa pamoja, turubai lililowekwa nafasi juu ya bati, au mti upande wa magharibi, ni ushauri unaotekelezeka zaidi.

Mti una historia yake Shinyanga. Misitu ya mkoa huo ilifyekwa kwa miongo mingi, kwanza kwa ajili ya kupambana na mbung'o, kisha kwa ajili ya pamba na mifugo, hadi mkoa ukaitwa jangwa la Tanzania. Mwaka 1986 Serikali ilianzisha mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, uliofufua desturi ya Wasukuma ya ngitili, yaani eneo la malisho na miti linalofungwa na kuachwa lijiotee. Mpango ulipofungwa mwaka 2004, ngitili zilikuwa zimeenea zaidi ya hekta 300,000. Ngitili zilihesabiwa kwa majani ya ng'ombe, kuni na asali. Nadra zilihesabiwa kama dawa ya joto. Machimbo sasa yanakula miti hiyo kwa matimba ya kuegemeza kuta za maduara na kwa mkaa wa vibanda vya chakula.

Ndani ya vibanda hivyo kuna mama lishe. Husimama kati ya jiko la mkaa na bati au turubai kuanzia alfajiri, na wengi wao wako katika umri wa kuzaa. Nchini Gambia, utafiti uliochapishwa mwaka 2022 ulifuata wajawazito 92 wakulima wakiwa kazini shambani, na kukuta kwamba kila nyuzi moja ya ongezeko la mkazo wa joto iliambatana na ongezeko la asilimia 17 la dalili za mtoto tumboni kutaabika, hata pale joto la mama lenyewe halikubadilika sana. Mkunga wa kliniki ya wajawazito ana sababu ya kutosha ya kuuliza: unafanya kazi gani, saa ngapi, karibu na moto kiasi gani?

Wachache wa kweli

Kama Usukumani kuna jamii ya wachache ambayo hoja ya mwanzo inaihusu moja kwa moja, ni ya watu wenye ualbino, ambao nchini Tanzania hukadiriwa kuwa mmoja katika kila watu 1,400 hivi. Inafaa kueleza kwa usahihi tatizo lao. Tezi zao za jasho ni kamili na uwezo wao wa kupoza mwili ni ule wa watu wote. Wanachokosa ni kinga ya ngozi dhidi ya miale ya jua, na saratani ya ngozi huwapata wakiwa vijana. Lakini kinga hiyo ndiyo inayowatia katika mtego wa joto: huambiwa wavae mikono mirefu, suruali nzito na kofia pana, mavazi yanayozuia jasho lisikauke. Mwenye kazi ya kivulini huufuata ushauri huo bila taabu. Mwenye kulima kwa jembe, au kuchekecha mawe mwaloni, huvua shati saa tano kwa sababu ya joto, na ngozi ikaungua.

Mashambulizi yaliyoitikisa Kanda ya Ziwa tangu miaka ya 2000, ambayo baadhi yake yalichochewa na imani kwamba viungo vya binadamu huvuta dhahabu, yaliwafanya watoto wengi watengwe na familia zao na kulelewa katika vituo kama Buhangija mjini Shinyanga. Aliyekulia kituoni bila shamba wala ujuzi hurudi kwenye kazi za juani akiwa mtu mzima. Mafuta ya kuzuia jua, yakiwamo yale yanayotengenezwa Moshi kwa ajili yao, ni msaada wa kweli, ila ushauri wa kazi na ufundi wa ndani ungepaswa kuandikwa kwenye kadi ya kliniki pamoja na mafuta hayo.

Kumtambua na kumpoza

Kiharusi cha joto si kile kiharusi cha kupooza upande mmoja. Ni hali ambayo joto la ndani ya mwili limefika nyuzi 40 au zaidi na ubongo umeanza kuvurugika: mgonjwa anachanganyikiwa, anapigana, anayumba, anapata degedege au kupoteza fahamu. Vitabu vya zamani viliweka ngozi kavu kama dalili ya lazima. Kwa mfanyakazi si lazima hata kidogo. Mara nyingi huletwa akiwa ametota. Kipimajoto cha kwapani humdanganya mhudumu, kwa kuwa ngozi yenye jasho imepoa kuliko ndani. Kipimo cha njia ya haja kubwa ndicho cha kuaminika, na nyuzi 39.4 za kwapani zinaweza kuwa zaidi ya 41 za ndani.

Geita na Shinyanga zimo katika mikoa yenye malaria nyingi, na mtu mzima aliyekulia humo anaweza kubeba vimelea bila kuugua. Kwa hiyo kipimo chenye mistari miwili hakiondoi kiharusi cha joto. Mgonjwa apewe dawa ya malaria, apimwe sukari ya damu, na homa ya uti wa mgongo ifikiriwe. Lakini hakuna kati ya hayo linaloruhusiwa kuchelewesha maji ya baridi. Muda ndio tiba. Joto la ndani lishushwe chini ya nyuzi 39 ndani ya nusu saa, papo hapo alipoangukia au zahanati, kabla ya kumpakia kwenye gari. Daraja la Kigongo–Busisi, lililofunguliwa Juni 2025, limemwondolea mgonjwa wa Geita kusubiri kivuko anapopelekwa Bugando. Hata hivyo hakuna barabara iliyo fupi kiasi cha kusafirisha mtu mwenye nyuzi 41 bila kumpoza.

Vifaa vipo machimboni. Turubai lishikwe pembe na watu wanne au sita, mgonjwa alazwe katikati, maji safi yamwagwe ndani yafunike kiwiliwili, na yatikiswe. Barafu za vifuko zinazouzwa na kina mama ziongezwe kama zipo. Kichwa kishikiliwe juu ya maji. Maji yasipotosha, avuliwe nguo, alowanishwe mwili mzima, afunikwe khanga mbichi na kupepewa kwa kipande cha boksi mfululizo, khanga ikilowanishwa tena kila inapopata joto. Maji ya madimbwi ya kuoshea dhahabu yasitumike. Asinyweshwe chochote akiwa amechanganyikiwa. Joto likifika kati ya 38.5 na 39, asimamishe upozaji ili mgonjwa asipoe kupita kiasi.

Paracetamol haisaidii hapa, kwa kuwa ubongo haukuagiza homa. Tena ini huwa limekwisha kuumia. Degedege litulizwe kwa diazepamu. Dripu inahitajika, lakini kwa mgonjwa mwenye malaria kali pia, maji mengi ya haraka huweza kujaa mapafuni, hivyo mkojo upimwe kila saa. Mkojo wenye rangi ya chai ya rangi ni alama ya misuli iliyoharibika na figo zilizo hatarini. Huyo ni wa rufaa.

Aliyepata uchovu wa joto tu, mwenye kichefuchefu, maumivu ya kichwa na misuli kukaza lakini fahamu zake timamu, atolewe juani, alazwe miguu juu, na anyweshwe maji ya chumvi na sukari ya pakiti, au lita moja ya maji safi yenye vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi. Kwa mwenye kuendelea na kazi, kikombe kimoja kila dakika 15 hadi 20 kinatosha. Kupita lita moja na nusu kwa saa, tena maji matupu, hupunguza chumvi ya damu na huleta hatari nyingine. Gongo na vinywaji vya kuchangamsha si maji.

Mfano uleule, mara ya pili

Kijana wa Kwimba anafikishwa saa nane mchana. Muuguzi anamuuliza mwenzake, "Mlishuka saa ngapi, na huyu ana siku ngapi hapa?" Kipimajoto cha ndani kinasoma 41.2. Kabla ya kipimo cha malaria kukauka, mgonjwa yuko kwenye turubai chini ya mwembe, na ndugu wa wagonjwa wengine wanachota maji. Dakika 25 baadaye joto ni 38.8, na anajua jina lake. Artesunate inafuata, dripu inafuata, gari linafuata.

Siku ya tano, hospitalini, anataka ruhusa. Wenzake wamemtumia ujumbe kwamba mgao wa mawe ni Jumamosi na asiyekuwapo hana kiroba. Tabibu anamweleza kwamba kipimo cha figo bado hakijarudi kawaida. Siku zisizopungua saba bila kazi nzito, kipimo kirudiwe, kisha aanze kwa saa mbili kwa siku na kuongeza taratibu. Kijana anasikiliza, anauliza kama karatasi ya hospitali inaweza kumwonyesha mwenye duara. Inaandikwa, kwa herufi kubwa, na mhuri unapigwa. Katika kitabu cha MTUHA, kwenye mstari wake, pembeni ya neno "malaria" panaongezwa: kiharusi cha joto, mchimbaji, siku ya nne machimboni, saa saba duarani.